Mwimbaji wa Estonia na Ijumaa Zetu za Malaz

Mwezi uliopita nilikuwa nikipanda ngazi za jengo letu hapa Aziziya, Jeddah, mifuko ya ununuzi mikononi, nikakutana na msichana wa kazi wa nyumba ya juu akishuka na takataka. Ni Mkenya kama mimi, mtoto wa Kitale, na simu ilikuwa inaimba mfukoni mwa dera lake. Nilisimama. Wimbo ulikuwa umeharakishwa na kutiwa ngoma nzito chini yake, lakini niliutambua kabla mstari wa kwanza haujaisha.

"Umeutoa wapi huo?" nikamwuliza.

"Aunty, hii imeshika kila mahali. Watu wanaicheza hivi." Akaweka takataka chini, akanyoosha mikono mbele kama ameshika usukani wa baiskeli, magoti yakipanda na kushuka. "Madam alinipata nikiicheza jikoni, akacheka mpaka akakaa. Sijui hata ni lugha ya wapi."

"Ya Estonia," nikamwambia. "Na huyo anayeimba sasa ni bibi mzee."

"Acha zako. Wewe umejuaje?"

Kuku wa barafu alikuwa ameanza kudondosha maji kwenye viatu vyangu. Nikamwambia ni hadithi ndefu, tutaongea siku nyingine. Lakini nilipofika ndani sikuweza kupika. Nilikaa na kofia ya kazi bado kichwani, nikamkumbuka mama mdogo. Basi acha nikusimulie wewe kwanza, kwa mpangilio, kisha nitajua namna ya kumsimulia yeye.

Nilikulia Riyadh, mtaa wa Malaz, ghorofa ya pili ya jengo la rangi ya mchanga. Baba alikuwa fundi wa mashine za hospitali na mama muuguzi, ndiyo maana tulikuwa na ikama ya familia, kile kibali cha kuishi ambacho Wakenya wengi waliokuwa kule walikipata kwa mtu mmoja mmoja. Asubuhi ya Malaz ilianza na lori la maji likijaza tangi, kisha mlango wa chuma wa mwoka mikate wa pembeni, kisha harufu ya mikate yake mipana iliyotoka tanurini ikiwa na mashimo ya vidole. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuichukua miwili, na sheria ilikuwa moja: ukila pembe ya mkate njiani, hiyo ndiyo sehemu yako. Unga mweupe wa ugali tuliupata kwa Mhindi mmoja aliyeuficha nyuma ya magunia ya mchele kama dawa. Sukuma wiki haikuwepo. Mama alipika spinachi na kutuagiza tufumbe macho.

Nilikuwa na daftari. Mambo yote ya jengo niliyaandika humo: nani amehamia, nani amegombana na mwenye nyumba, paka gani amezaa chini ya gari gani. Baba aliniita mwandishi wa habari wa ghorofa ya pili. Nyanya, aliyekuwa Bungoma na tuliyeongea naye kwa simu, alipoambiwa habari za daftari alinipa onyo ambalo nililiandika ukurasa wa kwanza bila kulielewa: "Habari ya kusikia usiipe miguu."

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa muuguzi mwenzake mama, mwanamke mrefu kutoka Estonia, mwenye nyusi nyeupe karibu zisionekane. Jikoni yake na jikoni yetu zilipakana na uwazi mwembamba wa kupitisha hewa, uliotoka chini hadi paani. Kupitia uwazi ule tulijua chakula cha kila nyumba. Jirani alioka mkate mweusi mchachu ambao sisi watoto wa jengo tuliuita mkate wa dawa, na ambao leo hii ningetoa zamu nzima ya usiku ili niuonje tena, na siagi, na chai ya maziwa ya mama.

Jioni, akipiga pasi sare zake, jirani aliimba. Ulikuwa wimbo mmoja, taratibu, kwa sauti ya chini, na kila alipofika mwisho wa ubeti alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Nilikuwa nikiosha vyombo upande wa pili. Siku moja niliuchungulia uwazi ule, nikamwona amesimama, pasi imeinuliwa, macho yamefumbwa. Nikaandika kwenye daftari: Jirani anaimba nyimbo za kanisa.

Hilo ndilo kosa langu. Kwetu, mtu mzima akiimba taratibu amefumba macho, anaimba tenzi. Sikuwa nimeona lingine.

Sasa lazima nikueleze Ijumaa zetu. Wakenya Wakristo kama kumi na wawili hivi walikuja kwetu kuomba kwa siri, maana ibada yetu haikuruhusiwa kule: wauguzi, madereva, mlinzi mmoja wa ghala, na wasichana wawili wa kazi waliopewa ruhusa na mabosi wao. Tuliimba kwa kiyoyozi. Namaanisha hivi: kiyoyozi chetu cha dirishani kilinguruma kama mashine ya posho, na baba alipokiwasha hadi mwisho, mtu wa kwenye ngazi hakusikia kitu. Kiyoyozi kikiwaka, mama alianzisha wimbo. Kikizimwa, ibada imekwisha na mandazi yanapita. Mpaka leo nikisikia kiyoyozi kikubwa kikianza, kifua changu hujiandaa kuimba.

Sauti kuu ilikuwa ya mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho. Alifanya kazi ya nyumbani Malqa, kaskazini mwa jiji, kwenye nyumba yenye geti la umeme na watoto watano. Alipata Ijumaa moja kwa mwezi. Dereva wa nyumba ile alimwacha saa nne na kumfuata alasiri, akapiga honi mara mbili, na mama mdogo alikuwa akiinuka kwenye kiti hata kama sentensi haijaisha. Alikuwa mwembamba, mtani, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Mlinzi wa ghala alipenda kumwambia, "Dada, hiyo sauti umeazima kwa nani? Mrudishie mwenyewe."

Nyimbo zetu zilikuwa chache na tulikuwa tumezichosha. Mama akanisikia nikinung'unika ule wa jirani huku nasugua sufuria.

"Huo ni wimbo gani?"

"Wa kanisa la kwao jirani," nikasema bila kusita.

Mama aliutilia maneno ya Kiswahili kwa wiki moja, akiyaandika nyuma ya karatasi za zamu za hospitali. Bado nayajua:

*Njia ni ndefu, Bwana, tembea polepole,*
*Mzigo ni mzito, Bwana, tembea polepole,*
*Naiona nyumba, naona na moshi,*
*Usinitangulie, Bwana, tembea polepole.*

Mama mdogo aliuimba mara moja tu na ukawa wake. Alituambia anauimba Malqa akifua, akipanga viatu, akimbembeleza mtoto wa mwisho wa bosi, hata yule mtoto akawa halali bila "bolebole", kama alivyouita.

Miezi miwili baadaye jirani alinialika nimsaidie kupanga kaseti. Hapo ndipo nilipomjua mwimbaji. Jirani alimpenda bila haya, kama watu wanavyopenda timu ya mpira. Kaseti zilikaa kwenye rafu kwa kufuata miaka, na kwa kutazama majalada tu uliona umri ukipita usoni mwake. La kwanza lilikuwa la msichana wa shule mwenye misuko miwili na meno makubwa. Mama yake, jirani aliniambia, alitumbua samaki kiwandani. Kiongozi wa bendi alimsikia kwenye kwaya ya shule akamwomba kwa wazazi kama anayeposa. Akiwa na miaka kumi na saba alitoa wimbo wa kwanza, na kabla kiangazi hakijaisha hapakuwa na harusi Estonia iliyofungwa bila wimbo ule.

"Nchi yetu yote inaingia Nairobi kwenu na bado mahali panabaki," alisema. "Kwa hiyo ukiwa maarufu kwetu, aliyekuuzia viatu anakujua, aliyekung'oa jino anakujua, na kila mtu ana binamu aliyesoma na wewe."

Nikaandika yote. Kwamba alipofika juu kabisa aliacha, akaenda kufundisha muziki kwenye shule ya shamba, kwa kuwa amechoka kusikia sauti yake ikitoka kwenye madirisha ya watu. Kwamba magazeti yalimsema amekwisha. Kwamba miaka ilipita, akarudi bila kutangaza makubwa, akaimba kwenye uwanja wa majani mbele ya watu wengi kiasi kwamba waliosimama nyuma walikuwa wakiimba mstari mmoja nyuma ya walio mbele, maana sauti ilichelewa kuwafikia. Jirani alikuwa miongoni mwa wale wa nyuma. Alipolisimulia hilo alicheka huku akijifuta macho kwa mkono wa gauni. Kwamba barua alizijibu kwa mkono wake, hata za watoto, hata za mafundi bomba.

Kisha akaweka kaseti ya kwanza ndani ya redio. Ilianza na kengele ya baiskeli. Wimbo ulikwenda mbio, kwa gitaa na makofi, na chini ya mbio zile nikausikia wimbo wa mama mdogo.

"Unahusu nini?" nikauliza, ingawa sikutaka kujua.

"Msichana amepakiwa kwenye baiskeli na kijana. Mnyororo unakatika. Kijana anaona aibu, lakini msichana amefurahi, kwa sababu sasa watatembea na njia itakuwa ndefu." Akanitazama. "Mbona umekunja uso?"

Nilirudi nyumbani. Nilifungua daftari kwenye ule ukurasa wa Jirani anaimba nyimbo za kanisa, nikashika kalamu, nikalifunga. Na kuna swali moja ambalo mwandishi yeyote wa habari angeliuliza pale pale, nami sikuliuliza: kama wimbo ni wa mbio, kwa nini jirani huuimba taratibu?

Nilikaa na siri ile kuanzia baridi mpaka joto. Kila Ijumaa ya mama mdogo nilijiambia nitasema baada ya mandazi. Kisha simu ikaja kutoka Bungoma. Nyanya amefariki.

Mama mdogo hakuweza kwenda. Pasipoti yake ilikuwa kwa kafili, yaani bosi wake aliyemdhamini, naye alikuwa safarini nje ya nchi, na bila saini yake hakuna kutoka. Madam wake wa Malqa alilia naye, akampigia mumewe, huyo kafili, simu, lakini siku zilikuwa hazitoshi. Mama angeweza kwenda. Nilimsikia akimwambia baba jikoni, "Nikimwacha huyu peke yake kwenye nyumba ya watu na msiba, mama mwenyewe atanikataa." Basi wakakubaliana kwamba Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, tutakusanyika Malaz tumsindikize nyanya kutoka pale. Madam alimpa mama mdogo ruhusa ya siku hiyo mpaka alasiri.

"Tutaimba ule wa polepole," mama mdogo alisema mara tu alipoingia, hata abaya hajaivua. "Nimejizuia wiki nzima kuuimba. Nimemwekea mama." Akanipita akanishika kichwa. "Na aliyetuletea ni huyu."

Nilitaka sakafu ifunguke. Ningesema wakati ule, angemwimbia mama yake nini?

Baba akawasha kiyoyozi. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, wamekaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Mama aliomba, mlinzi wa ghala akasoma, kisha mama mdogo akasimama katikati ya chumba, akafumba macho, akaanza. Kwenye ubeti wa pili kiyoyozi kikatoa sauti kama mtu aliyekabwa, kikazimika. Fyuzi.

Wote wakanyamaza isipokuwa mama mdogo. Sijui kama hakusikia au hakujali. Sauti yake ilibaki peke yake, wazi kabisa, ikijaza chumba, ikipita jikoni, ikiingia kwenye uwazi wa hewa. *Naiona nyumba, naona na moshi.* Mama alinyoosha mkono kumgusa, akaurudisha.

Mlango ukagongwa.

Hapo wote walijua la kufanya. Biblia zikaingia chini ya mito, sahani za mandazi zikatokea mezani, na madereva wakaanza mazungumzo ya mpira katikati, kama redio iliyowashwa: "…lakini yule golikipa naye alikuwa wapi?" Baba akafungua.

Alikuwa jirani, na viatu vya nyumbani, na blauzi ya sare iliyopigwa pasi nusu mkononi.

"Ni nani anayeimba?" akauliza kwa Kiingereza, taratibu.

Mama alijitokeza. "Dada yangu. Utusamehe kwa kelele. Ni wimbo wenu wa kanisa, mtoto aliusikia kwako, tukautia maneno yetu."

Jirani akanitafuta kwa macho akanipata nyuma ya pazia. Aliihamisha blauzi mkono hadi mkono. Naamini alikuwa akifikiria kunificha. Lakini hakuwa mtu wa kusema uongo, na nampenda kwa hilo pia.

"Si wa kanisa," akasema. "Ni wimbo wa baiskeli."

Dereva mmoja alikohoa kicheko akakimeza. Mama mdogo akakaa chini polepole, kama mtu anayepima kama kiti kipo.

"Baiskeli," akasema kwa Kiswahili, bila kumwambia yeyote. "Mama anazikwa kesho, mimi namwimbia wimbo wa baiskeli."

Jirani hakuielewa lugha lakini aliuelewa uso. Akauliza nani amefariki. Baba akamwambia. Akaingia ndani, akakaa karibu na mama mdogo, blauzi yake magotini, akasimulia, na mama akafasiri sentensi moja moja ili hata wale wasiojua Kiingereza vizuri wasikose.

Alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, wodini kwake kulikuwa na mwanamke mzee ambaye hakuwa na siku nyingi. Mzee yule alipenda wimbo wa baiskeli, akawa anauomba, na redio ya wodi ilikuwa mbovu. Jirani akamwandikia mwimbaji barua, akitarajia labda picha yenye saini. Baada ya siku tatu mwimbaji alikuja mwenyewe, kwa basi, bila gitaa, bila mpiga picha, amefunga kitambaa kichwani. Akaketi kando ya kitanda. Kwa sababu wagonjwa wengine walikuwa wamelala, na kwa sababu mgonjwa alikuwa akipumua kwa shida, aliuimba wimbo wake kwa kasi ya pumzi za yule mzee. Kila mzee aliponyamaza, naye alinyamaza.

"Aliuimba hivi unavyouimba wewe," jirani akamwambia mama mdogo. "Tangu siku ile mimi siwezi kuuimba mbio. Na sijamsikia mtu mwingine akiuimba hivyo mpaka leo."

Mama mdogo alimtazama. "Huyo mzee alikuwa mama wa huyo mwimbaji?"

"Hapana. Hakumjua hata jina."

Chumba kilikuwa na joto sasa, jasho likitutiririka, na kiyoyozi kimekufa. Mama akamtazama baba. Baba akaenda akafunga madirisha mawili na mlango wa jikoni, akarudi akasimama, mikono nyuma. Mama mdogo akaanza upya, kwa sauti ndogo sana, nasi tukamfuata kwa sauti ndogo kuliko hiyo. Jirani aliimba kwa Kiestonia, baiskeli yake na mnyororo wake, na sisi kwa Kiswahili, na tulipofika mwisho wa ubeti sote tulinyamaza pamoja. Nilikuwa sijaelewa ule unyamavu mpaka siku hiyo.

Alasiri honi ikapigwa mara mbili. Mama mdogo akavaa abaya, akasema "Yalla," akaenda kuwaogesha watoto wa Malqa.

"Ulijua?" mama aliniuliza, mlango ulipofungwa.

"Nilijua."

"Basi habari uliyoipa miguu, wewe ndiye utakayeikimbilia na kuirudisha."

Adhabu yangu ilikuwa kuandika habari sahihi na kuisoma mbele ya wote, Ijumaa iliyofuata ya mama mdogo. Nilisimama na daftari, kiyoyozi kikinguruma tena, nikasoma: kwamba wimbo ni wa mwimbaji wa Estonia, kwamba unahusu baiskeli, kwamba nilijua na sikusema, na kwa nini mwenyewe aliuimba taratibu. Nilipomaliza nikalifunga daftari. Kisha mama mdogo akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia.

"Mama," akasema, "aliwahi kuangushwa na baiskeli ya abiria pale stendi ya Bungoma, akaapa mbele ya watu hatapanda tena mpaka anaingia kaburini." Akajifuta machozi. "Na sisi tumempandisha."

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani kwetu tangu ile simu.

Wiki iliyopita kazi ilinipeleka Riyadh kwa siku mbili, nikachukua teksi hadi Malaz. Jengo lipo, limepakwa rangi nyingine. Mwoka mikate ameondoka, pale pana duka la simu. Viyoyozi vya dirishani vyote vimeng'olewa, na vipya vilivyotundikwa ukutani havitoi sauti hata ya kumfunika mbu. Nilizunguka nyuma kuutafuta ule uwazi wa hewa. Umezibwa kwa bati. Jirani alirudi kwao zamani. Kadi zake zilikuja miaka kadhaa, kisha zikaacha. Mama yuko Bungoma, na mama mdogo ana kwaya kanisani ambayo husema anaiongoza kwa fimbo. Mwimbaji, nimesoma, haimbi tena mbele ya watu. Wimbo wake wa ujana unachezwa na watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka, nami nafurahi kwa ajili yake, ingawa hakuna hata mmoja wao anayeujua ule unyamavu wa mwisho wa ubeti.

Jana nilimkuta tena msichana wa Kitale kwenye ngazi. Nikamwambia azime simu, nikamwimbia ubeti mmoja, taratibu, kwa Kiswahili. Aliegemea ukuta akasikiliza mpaka mwisho.

"Aunty," akasema, "hiyo mbona ni ya kanisa?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni wimbo wa baiskeli. Kaa hapa nikueleze."